Kikapu Kinachozunguka Kushoto

Nansio, Ukerewe
20 Februari 2025

Kwa mwanangu Bushra,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nikuulize: hiki kikapu ni cha nani?

Masele, kuli wa bandarini anayekupelekea mizigo yangu, amekikuta kwa dada yake aliyekinunua huko Mwanza mjini. Alikinunua kwa furaha, maskini, maana kilikuwa na lebo yenye jina langu. "Kimesukwa kwa mkono wa Mama Modesta, Ukerewe." Masele akaniletea nikione, akidhani nitafurahi kama mtu aliyekutana na mtoto wake. Huyo si mtoto wangu. Mdomo wake umevutwa upande, ukindu umetiwa rangi ya dukani ambayo imeanza kuachia kwenye viganja, na katikati ya ubavu mkono umebadilika. Nimepaona hasa mahali ulipobadilika. Mtu mmoja alikuwa anakaza, akaja mwingine anayelegeza.

Ulikaa kwangu miezi minane, ukila ugali wangu wa muhogo, ukipika jiko moja na mkamwana wangu Selina. Kitako chako cha kwanza nilikifumua mara kumi na moja. Ulilia mara tatu, nilihesabu. Haukuwa ukatili ule. Nilikuwa nakupa sheria ya mama yangu, naye aliipata kwa mama yake: mkono unaoanza kikapu ndio unaokimaliza. Mtu akiugua katikati, kikapu kinamngoja. Akifa, kinabaki darini hivyo hivyo, hakuna wa kukigusa.

Kwa hiyo nijibu, na ujibu kwa barua. Simu yangu ilitumbukia ziwani na sina mpango wa kununua nyingine. Tena maneno kama haya yanafaa yawe na ushahidi.

Ndani ya mzigo huu kuna vikapu sita vya mwezi huu.

Mama yako,
Modesta


Igoma, Mwanza
27 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Vikapu sita nimevipata, vizuri kama kawaida yako. Hata mwandiko wako siku hizi umenyooka. Zamani barua zako zilikuwa kama kuku ameparura kwenye wino, nilikuwa nasoma huku nimepinda shingo.

Sitakudanganya. Kikapu kile kimesukwa hapa Igoma, kwenye karakana yangu nyuma ya duka la vipuri. Nina wanawake wanane. Kashindye anasuka vitako tu, maana ana mkono mwepesi. Wengine wanapandisha ubavu, Sabina anamalizia midomo. Kila mtu na kipande chake, kazi inakwenda. Mmoja mmoja tusingefika hata nusu.

Ndiyo, jina lako liko kwenye vyote. Ndilo wanaloliuliza, Mama. Mteja anashika kikapu, anageuza lebo kwanza. Akiona Modesta anafungua pochi, akiona jina lingine anakirudisha mezani na kuniuliza choo kiko wapi. Kashindye kabla ya kuja kwangu alikuwa anaponda kokoto mlimani, mgongoni mtoto, vidole vimepasuka. Leo anasuka akiwa kivulini. Kama jina lako limemtoa kwenye mawe, naona limefanya kazi nzuri kuliko majina mengi ya watu wakubwa.

Na kuna habari nyingine. Mama mmoja mwenye maduka Arusha anataka vikapu sitini kwa ajili ya hoteli. Sitini! Anataka kuja mwenyewe Ukerewe, Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 26 Aprili, pamoja na mpiga video, wakupige ukisuka. Dakika kumi tu. Bila video hiyo hakuna oda. Nimeshamwambia ndiyo.

Nitakuja nao. Tangu msiba wa mwanao Elias sijakanyaga hapo, na kila nikitaka kuja unaniambia nisubiri.

Mwanao,
Bushra


Nansio
8 Machi 2025

Bushra,

Umemwambia ndiyo kwa mdomo wa nani?

Asije. Mimi si pundamilia wa kuviziwa kichakani na kamera. Nikisuka nakaa vibaya, nguo imepanda magotini, nasema peke yangu na wakati mwingine natukana. Wageni wa hoteli hawahitaji kuyajua hayo.

Unaniambia Kashindye alikuwa anaponda kokoto. Nampa pole, na nampa hongera, kwa sababu si kila mkono uliozoea jiwe unaweza kurudi kwenye ukindu. Basi mbona umemnyima jina? Umemtoa kwenye mawe ukaenda kumficha nyuma ya bibi kizee asiyemjua. Tena humwachii hata kikapu kizima, unampa kitako, kama mtu anayepewa mfupa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona kikapu hakiendi mpaka kiazimwe miguu ya Modesta, kifumue kisukwe upya.

Nakurudishia lebo zote ulizonitumia. Kuanzia leo jina langu likae kwenye kazi ya mkono wangu tu. Ukilibandika kwingine, hutapata tena kikapu kutoka kwangu, na usiniite mama.

Modesta


Igoma
16 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Nimefunga, na najua hasira inakula thawabu za swaumu. Lakini nimekaa na barua yako siku tatu, na kila nikiisoma nashindwa kunyamaza.

"Kazi ya mkono wangu tu." Mkono gani, Mama?

Kikapu ulichonipa nilipoolewa ninacho, naweka vitunguu. Nimevimwaga vitunguu, nikakigeuza kitako juu, nikaweka pembeni yake kikapu kimoja kati ya vile sita vya mwezi uliopita. Cha harusi kinazunguka kulia, kama ulivyonifundisha mpaka nikalia. Kile kingine kinazunguka kushoto. Nikatoa vyote vilivyobaki stoo. Kushoto, kushoto, kushoto.

Wala si jambo nililoligundua juzi. Nimelijua kwa miaka miwili, tangu kikapu cha kwanza cha namna hiyo kishuke melini. Na hapo nyumbani namjua mtu mmoja tu wa kushoto. Nilipika naye miezi minane. Ugali anasonga kwa kushoto, kifungo anashona kwa kushoto. Selina.

Nilinyamaza. Nilisema moyoni, Mama amechoka, ana haki ya kupumzika, siri ya nyumba yake hainihusu. Nikauza kazi ya Selina kwa jina lako kwa sababu wewe mwenyewe uliniletea kama yako. Baadaye nikajiuliza: kama jina la Mama linakaa vizuri kwenye kikapu cha Selina, litashindwaje kukaa kwenye cha Kashindye? Hata hili, mwalimu wangu ni wewe. Kuna methali ya nyani ambayo adabu inanizuia kuiandika.

Wageni wanakuja tarehe 26. Sitawazuia. Utawaonyesha nini?

Mwanao, upende usipende,
Bushra


Nansio
2 Aprili 2025

Bushra,

Ni kweli.

Mwaka juzi mwezi wa tatu niliamka asubuhi upande wote wa kulia umelala. Kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi nusu, mkono haukurudi. Simu haikutumbukia ziwani, iko kabatini. Sikutaka usikie ninavyoongea siku hizi, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Na ule mwaka uliotaka kuja nikakuambia kuna kipindupindu, hakikuwapo. Masele anajua yote. Nimemfunga mdomo kwa chai na mihogo.

Wiki ile nilikuwa na kikapu mkononi, kimefika nusu. Kiko darini, nakiona kila nikifungua macho.

Nimekuwa Modesta wa vikapu tangu nina miaka kumi na tisa. Mume wangu alikufa, Elias akazama, nikabaki na hilo jina. Nikilitoa nabaki nani? Mgonjwa wa kulishwa uji. Sitaki, Bushra. Nakataa.

Sasa nisikilize. Waje hao watu wako. Nitakaa mkekani, kikapu cha Selina mapajani kikiwa kimebakiza mzunguko mmoja, mkono wa kulia chini ya kanga, wa kushoto juu yake. Wanipige kwa upande wa kushoto, uso upande huo bado unafaa. Selina atakaa jikoni. Uwaambie macho yangu hayapendi mwanga, wasikae sana. Nikifa, andika jina la Selina kwenye kila kitu. Mpaka hapo niachie langu.

Nakuomba. Unajua kwamba mimi si mtu wa kuomba.

Mama yako,
Modesta


Nansio
2 Aprili 2025

Wifi Bushra,

Karatasi hii nimeificha chini ya vikapu, nadhani umeiona ya pili. Usishangae mwandiko kuwa uleule. Barua zote za Mama tangu augue naandika mimi. Yeye anasema, mimi naandika. Na zako namsomea mimi, kwa sababu siku hizi mistari inapandana machoni mwake. Ile ya tarehe 16 nilipofika kwenye jina langu nilisimama. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka kwenye nyani.

Na ile uliyoisoma sasa hivi nimeiandika mimi, neno kwa neno, pamoja na pale pa kukaa na kikapu changu mapajani mwake na mimi kukaa jikoni. Sikupunguza kitu. Lakini hii ya pili ni ya kwangu, na yeye hajui.

Mama hakunifundisha kusuka. Nilipoolewa nilimwomba. Akasema mkono wa kushoto hausuki, unapotosha ukindu. Ukaja wewe, mgeni kutoka mjini, akakukalisha mkekani siku ya pili. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilijifunza kwa kuwatazama kutoka mlango wa jiko. Wewe ulipofumuliwa mara kumi na moja ulikuwa na mtu wa kukufumulia. Mimi nilikuwa nasuka nyuma ya choo na kujifumulia mwenyewe.

Alipougua na nyumba ikawa haina kitu, nilimwekea kikapu changu mbele yake. Alikishika muda mrefu, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Nilingoja neno moja tu. Akasema, "Mpe Masele apeleke." Lebo zako zikaja, nikazifunga mwenyewe. Nimefunga jina la Mama kwenye vikapu zaidi ya mia moja, na kila mara iliniuma.

Nampenda Mama. Namwogesha, namlisha, sitamwacha. Ila siku ya tarehe 26 sikai jikoni. Nitakaa mkekani nitasuka kwa kushoto mbele ya hao watu, na wakiniuliza jina nitalitaja. Sikuombi ruhusa.

Na wewe, Wifi, usijifanye msafi. Kashindye anasuka vitako tangu lini? Hajawahi hata kuona kikapu chake kinaishaje. Mpe akimalize, na umwandike, na Sabina pia, na wote. Ukikataa, hivi ndivyo vikapu vya mwisho kutoka Nansio. Ukindu naukata mimi, na ninajua unapoota.

Selina


Igoma
14 Mei 2025

Shikamoo Mama. Wifi, habari za tangu Jumamosi ile.

Naandika barua moja kwa wote wawili, nimechoka na siri.

Mlikuwapo, kwa hiyo sina haja ya kusimulia yote. Kuna jambo moja tu halinitoki. Selina alikuwa ameshakaa mkekani, sindano iko kushoto, na yule mama wa Arusha akasema, "Huyu msaidizi apishe kidogo, tunamtaka Bibi." Nilifungua mdomo niseme na sikusema. Naona haya kuliandika. Nilikuwa naona vikapu sitini vinaondoka.

Ni wewe, Mama, uliyeitupa ile kanga pembeni. Uliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ukauweka mapajani mbele ya kamera, ukasema kwa ulimi huo mzito, neno baada ya neno: "Pigeni huu. Huu haujasuka miaka miwili. Anayesuka ni huyu, Selina Mashimba. Na yeye hapishi mtu ndani ya nyumba yangu." Miaka yote hiyo sikuwahi kukusikia ukimtaja kwa jina la baba yake. Selina hakuinua kichwa. Lakini nilikuwa karibu, Wifi, nilikuona unakosea mshono, ukaurudia, ukakosea tena.

Sasa ambayo hamyajui. Kwenye meli wakati wa kurudi, yule mama alikuwa mtulivu kabisa. Aliniambia video inakatwa, pale mwisho pataondolewa. Nilipomtajia Selina na wale wanane wa karakana, alisema wageni wa hoteli wanataka bibi mmoja na habari moja, majina tisa ni kelele. Alisema hata ule mkono unaweza kusaidia, watu watauonea huruma, watanunua. Vikapu sitini atachukua, mradi lebo ibaki kama ilivyo.

Nilimwambia hapana. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka, abiria wote wa daraja la pili wakageuka, mwanamke mmoja akaacha kumlisha mtoto wake. Nilimwambia huyo bibi ana mkamwana, na huyo mkamwana ana mkono, na kama hataki jina lake basi hataki kikapu chake. Tulifika Mwanza akashuka bila kuniaga. Oda imekufa.

Jumatatu yake niliwakusanya wanawake nikawaeleza. Sabina alinisema vibaya, na ana haki, kwa sababu nilikataa kazi yao bila kumuuliza hata mmoja wao. Wawili wameondoka. Waliobaki sasa kila mtu anaanza chake na kumaliza chake, na ile rangi ya dukani nimeiacha, tunachemsha magome na uwanja wote unanuka. Kashindye alikichukua kitako alichokianza akaenda nacho nyumbani. Jana amekirudisha kimekamilika. Mdomo umevutwa upande, Mama, ungekifumua bila huruma. Lakini ameandika jina lake mwenyewe kwenye lebo, herufi zimeijaza mpaka akamalizia nyuma. Hataki kiuzwe bado. Kila anayeingia anaonyeshwa.

Tunauza vichache. Walimu wa Butimba wamenunua vinne. Sijui kama tutaufikia mwezi wa kumi na mbili tukiwa na karakana. Sijutii, lakini naogopa sana, na nimeona niwaambie kwamba naogopa.

Lebo mpya za vikapu vyako, Wifi, zimo ndani ya mzigo huu. Angalia kama nimepatia jina.

Bushra


Nansio
29 Juni 2025

Bushra,

Mwandiko huu ni wangu. Wa kushoto. Kuku amerudi, pinda shingo.

Barua hii nimeiandika siku mbili. Selina amekaa hapa ananitazama. Nimemkataza kunisaidia, na yeye mwenyewe hana nia.

Usiogope peke yako. Ukiogopa, andika. Karakana ikifungwa, njoo na hao wanawake, ukindu upo na nyumba ni kubwa.

Mwambie Kashindye mdomo wa kikapu unavutika kwa sababu anasuka ukindu mkavu. Aulowanishe, na asione uvivu. Mwambie nimesema mimi. Mwambie pia kwamba cha kwanza changu kilikuwa kibaya kuliko chake, mama yangu alikifanya cha kuwekea majivu.

Nimekishusha kile kikapu cha darini. Kilianza kwa kuzunguka kulia, siwezi kukigeuza, kwa hiyo mkono wa kushoto unasuka kinyumenyume, na mguu unashikilia. Selina amenifumulia mara kumi na moja. Alihesabu kwa sauti. Nililia mara moja, akikuambia mbili anakudanganya. Mara ya kumi na mbili alikishika muda mrefu, akapitisha kidole. Nilingoja aseme neno. Bushra, nimejua sasa nilivyomngojesha. Nimemwomba msamaha. Akasema, "Kaza, Mama, hapo umelegeza."

Masele anakuletea. Usikitie vitunguu. Nusu ya chini ni nzuri, sioni haya kusema. Nusu ya juu ni aibu tupu. Mahali mkono ulipobadilika utapaona ukiwa bado mlangoni, na yeyote atapaona. Wakikuuliza, waambie. Kikiuzwa kiuzwe, kisipouzwa kikae dirishani wakicheke.

Lebo zangu nilikurudishia zote, lakini nakujua, moja umeibakiza.

Ibandike.

Modesta